Binti wa Kericho na Mkate wa Asubuhi



Mwezi wa Shaabani uliopita tulisafiri kutoka Mombasa hadi Kericho, kwa njia ya Nakuru na Londiani, kuitembelea aila moja ya watu wetu iliyohamia huko miaka mingi. Tulipoketi tu sebuleni tuliletewa chai ya maziwa, na pamoja na chai sahani ya mkate uliopakwa siagi na sahani nyingine ya mandazi ya kununua. Ndiyo ada ya nchi ile. Kericho imepandwa chai ya mashamba makubwa tangu miaka ya 1920, na ukisimama juu ya kilima chochote baina ya mji ule na Sotik utaona majani yaliyochumwa sawasawa mpaka macho yachoke. Mgeni hatoki katika nyumba ya Mkipsigis, wala katika nyumba ya Muislamu wa mjini, bila ya kunywa, na chai haiji peke yake. Kuurudisha mkate ni kumvunjia mwenyeji heshima.

Binti wa nyumba ile, mwenye umri wa miaka 14, amejifunza kuurudisha. Alikaa karibu nasi na kikombe chake mkononi na vipande viwili vya kiazi kitamu katika kibakuli chake mwenyewe, akatuuliza habari za Mombasa, na baba yake alipopitisha sahani ya mandazi aliisogeza mbele bila ya kuitazama. Tunaandika wiki hii juu yake, na juu ya miaka aliyopotezewa. Wazazi wake wametupa idhini, na wametuomba tusiyataje majina.

Baba ana duka la vipuri vya magari. Mama ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Mtoto alinyonya vizuri na akanenepa kama watoto wengine, na taabu ikaanza alipozoeshwa vyakula. Tumbo likawa linafura na kuharisha, mdomo hauishi vidonda, kimo hakisogei. Gauni la Idi alilonunuliwa akiwa na miaka sita lilimwenea bado alipotimiza tisa. Mama alitutolea bahasha kubwa ya karatasi za hospitali, akazitandaza juu ya busati. Humo mlikuwa na dawa za minyoo, dawa za amiba, na taifodi mara 11, taifodi iliyotiwa muhuri kwa kile kipimo cha damu ambacho madaktari wenyewe hukiri kwamba hukosea mara nyingi. Mmoja alisema ni maziwa, akanyimwa maziwa mwaka mzima. Mwingine alisema ni baridi, kwani Kericho iko juu mno, kiasi cha mita 2,000 na zaidi juu ya bahari, na mtoto wa asili ya pwani mwili wake haukuizoea.

Neno hili la baridi lilikubaliwa na aila nzima. Kila likizo mtoto akapakiwa katika basi kwenda kwa bibi yake Mombasa, apate joto na upepo wa bahari. Na kila likizo akirudi hali yake imezidi. Mwezi wa Ramadhani ndio uliokuwa mzito kuliko yote, na siku za Idi zilimkuta kitandani. Bibi alisema mtoto ana jicho, akamwita sheikh, akamsomea. Kisomo ni kheri na hatukidharau. Lakini mama, ambaye alisoma mpaka kidato cha nne na ana tabia ya kuandika matumizi ya nyumba katika daftari, alianza kuandika pia mtoto amekula nini na amelalaje. Alipofunga miezi mitano ya daftari lake aliona jambo ambalo hakuna karatasi hata moja ya bahasha ile iliyolisema. Kericho mtoto alikuwa akila ugali, mboga, maharage, na kipande cha mkate asubuhi. Mombasa, kwa mapenzi ya bibi, alikuwa akila mahamri asubuhi, chapati mchana, sambusa na kaimati magharibi, tambi usiku, na sikukuu bokoboko. Kule alikopelekwa kuponywa ndiko alikokuwa akilishwa ngano mara nne kwa siku.

Maradhi hayo yana jina, nayo huitwa siliaki. Katika ngano, katika shayiri, na katika nafaka ya rai inayolimwa Ulaya, mna protini iitwayo gluteni. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila ya kukatika. Kwa watu wengi hupita tumboni kwa amani. Kwa aliyezaliwa na mwelekeo wa siliaki, mfumo wa kinga wa mwili huiona gluteni kama adui, na katika kuipiga vita huupiga utumbo mwembamba wenyewe. Utumbo ule kwa ndani una vijidole vidogo sana, maelfu kwa maelfu, ambavyo kazi yao ni kukinyonya chakula kilichosagika. Vita vinapodumu vijidole hulazwa chini, na chakula hupita bila ya kuuachia mwili haki yake. Hapo ndipo damu hupungua kwa kukosa madini ya chuma, mifupa hudhoofu, mtoto hakui. Si mzio, na mtoto hakui akayaacha nyuma. Dawa ya kumeza hakuna. Iliyopo ni kuiacha gluteni kabisa, umri mzima, na ikiachwa utumbo hupona.

Takriban mtu 1 katika kila 100 duniani anayo siliaki, na walio wengi hawajijui.

Utabibu wenyewe ulichelewa sana kulifahamu jambo hili, na tunalisema si kwa kuwakejeli matabibu bali kwa sababu historia yake inafanana mno na ya nyumba ile. Mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London aliyaeleza maradhi haya kwa ufasaha, akasema kwamba kama yana tiba, tiba yake imo katika chakula. Chakula gani, hakujua. Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York alianza kuwalisha watoto wa namna hii ndizi mbivu kwa wingi, wakanenepa, na sifa za ndizi zikaenea mpaka magazetini. Ndizi haikuwa na dawa yoyote. Kilichowaponya watoto ni ule mkate uliokosekana katika sahani. Haas, kwa kuwa aliamini ndizi ndiyo tiba, aliamini pia kwamba mtoto akishapona amepona, naye aweza kurudi katika chakula cha watu wote. Wakarudishwa katika mkate, na utumbo ukaendelea kuumia kimyakimya. Siku mbili baadaye, tulipoiona mikungu ya ndizi za Kisii ikiteremshwa sokoni Bomet, mama alicheka peke yake. Alikuwa amekisoma kisa cha Haas.

Aliyeipata kweli ni Mholanzi, Willem Dicke, daktari wa watoto katika mji wa The Hague. Tangu miaka ya 1930 alikwisha kuushuku mkate. Kisha yakaja majira ya baridi ya mwaka 1944 kuamkia 1945, vita vikiwa vimewafungia Waholanzi njia za chakula, watu wakila hata vitunguu vya maua ya tulipu. Watu wazima waliokuwa na afya walikufa kwa njaa, na watoto wake wagonjwa wa siliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi baada ya vita, nao wakarudi katika ugonjwa. Mwaka 1950 alitoa tasnifu yake katika chuo kikuu cha Utrecht, na tangu hapo ngano haikuweza kujificha tena. Mama wa Kericho, alipokuwa akiandika daftari lake, hakuwa amelisikia jina la Dicke, na njia aliyoipita ndiyo ileile.

Turudi katika nchi ya chai. Kwa nini maradhi yaliyokwisha kujulikana tangu mwaka 1950 yasitambuliwe na tabibu yeyote kwa miaka yote ile ya mtoto yule? Tumeuliza, na tumesikiliza, na tumeona kwamba kosa halikutoka katika uvivu.

La kwanza ni picha iliyomo vitabuni. Daktari aliyefundishwa kwa vitabu vya Ulaya anamjua mgonjwa wa siliaki kuwa ni mtoto wa Kizungu wa miaka miwili, mkonda wa mikono na mwenye tumbo kubwa. Mama alipolitaja jina la maradhi kwa mara ya kwanza mbele ya daktari mmoja, alijibiwa kwa upole: "Hayo ni maradhi ya Wazungu, mama. Sisi tuna minyoo." Jawabu hili si la kweli. Katika mwaka 1999 watafiti walichapisha kwamba miongoni mwa watoto wa Kisahrawi, Waislamu wa jangwa la Sahara, waliopimwa, 5.6 katika kila 100 walikuwa na siliaki, kiwango kilichopita cha nchi yoyote ya Ulaya. Maradhi haya yanajulikana vyema Misri, Sudan, Tunisia, Saudia, Iran, na katika majimbo ya kaskazini ya India ambako watu hula mkate wa ngano kila mlo. Sasa na tujitazame sisi watu wa pwani. Nani miongoni mwetu hana bibi au babu aliyetoka ng'ambo ya bahari, Hadharamaut, Oman, Kachi au Gujarati? Na hata jirani wa Kipsigis, ambaye mababu zake walikula wimbi na mtama, leo mezani kwake pana mkate na chapati. Siliaki haijitokezi pasipo gluteni. Ngano ikiingia nyumbani, nayo hupata mlango.

La pili ni kwamba katika nchi ile kila dalili ina maelezo yake tayari, na kila moja lina ukweli ndani yake. Mwanamke anayechuma chai akichoka na macho yake yakiwa meupe, watu watasema ni malaria. Nao hawasemi ovyo, kwani katika miaka ya 1990 nyanda zile za juu zilipata milipuko mikubwa ya malaria, na kumbukumbu za hospitali za mashamba ya Kericho zimesomwa na wanasayansi wa dunia nzima. Watasema ni minyoo. Watasema ni chai yenyewe, na ni kweli kwamba chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia baadhi ya madini ya chuma yasiingie mwilini. Na Bomet, mtu akilalamika tumbo au kifua, roho ya kila mtu hukimbilia saratani ya umio, ambayo imeenea upande ule kiasi kwamba hospitali ya Tenwek inajulikana mbali kwa kuitibu. Hofu hiyo ina haki yake. Lakini tazama matokeo yake kwa huyu wetu. Mpira wenye kamera unaoteremshwa kooni hutazama umio na tumbo, nao waweza kwenda mbele kidogo mpaka mwanzo wa utumbo mwembamba, na hapo vikakatwa vipande vidogo vikatazamwe kwa hadubini. Vipande hivyo havikatwi ila kwa kukusudiwa. Asiyefikiriwa siliaki hurudishwa nyumbani na karatasi iliyoandikwa kwamba yu salama.

La tatu ni sisi waandishi, na hapa inatupasa tuseme bila ya kujitoa. Miaka kumi na mitano hii magazeti, redio na simu zetu zimeigeuza gluteni kuwa mtindo. Mwaka 2011 daktari wa moyo wa Marekani, William Davis, alitoa kitabu "Wheat Belly" kilichoituhumu ngano kwa unene na maradhi ya kila mtu. Mwaka 2013 mcheza tenisi Novak Djokovic alitoa kitabu chake akasimulia namna alivyoiacha gluteni na kuwa bingwa, na namna daktari alivyomgundua: alimwambia ashike kipande cha mkate juu ya tumbo lake, kisha akaukandamiza mkono wake wa pili kuona kama umedhoofika. Tunaomba radhi kwa msomaji, lakini hicho si kipimo cha ugonjwa wowote. Katika miaka hiyohiyo watafiti wa chuo kikuu cha Monash, Australia, walichapisha mwaka 2011 kwamba gluteni huwasumbua hata baadhi ya wasio na siliaki, na mwaka 2013 wakarudia kwa uangalifu zaidi kwa watu 37, wakaona kwamba haikuwa gluteni iliyowasumbua. Magazeti mengi yakaandika kwamba ugonjwa wa gluteni haupo. Katika wale 37 hapakuwa na hata mmoja mwenye siliaki; walichaguliwa kwa sharti la kutokuwa nayo. Sentensi hiyo moja ndiyo iliyoachwa, na ndiyo iliyokuwa na maana.

Maneno haya hufika Kericho. Ami yake binti, aliyeko Maskati, alimtumia baba ujumbe kwamba gluteni ni uongo wa wafanyabiashara wanaotaka kuuza unga wa bei ghali. Muuguzi mmoja alimwambia mama, akicheka: "Na wewe umeanza dayati za wasanii?" Mgonjwa wa kweli amesimama katikati ya wanaosema maradhi haya ni ya kila mtu na wanaosema si ya mtu yeyote.

Na hapo ndipo lilipotokea jambo lililoumiza kuliko yote. Mama alipokuwa na hakika na daftari lake, aliikata ngano yote kwa siku moja. Wiki ya tatu mtoto alianza kucheka. Mwezi wa tatu akaongezeka uzito. Mama, kwa furaha, akampeleka hospitali apimwe ili apate karatasi ya kuwaonyesha watu. Daktari alikubali, damu ikatolewa, na hakuna aliyeuliza mtoto anakula nini siku zile. Majibu yakarudi safi. Hana siliaki.

Kipimo kile cha damu hutazama kingamwili zinazotengenezwa wakati wa vita. Gluteni ikiondolewa vita husita, kingamwili hushuka, na vijidole vya utumbo huanza kusimama. Basi aliyeacha ngano miezi mitatu akapimwa, kipimo chake chaweza kukosa la kuonyesha. Wasomaji wetu, kama kuna jambo moja mtakalolikata na kulibandika jikoni, na liwe hili: msiache ngano kabla ya kupimwa. Mkishuku, pimeni kwanza, ilhali bado mnakula.

Aila ile haikujua. Baba, aliyekuwa amechoka na habari ya ngano, alitoka hospitali akanunua mahamri njiani. Ulipita mwaka na nusu wa kuharisha, wa kukaa darasani kichwa juu ya deski, wa bibi kusema "si niliwaambia". Mama alilifungia daftari sandukuni.

Akaja daktari mwingine, bado kijana, katika zahanati waliyoingia kwa sababu ya jino la mtoto mdogo. Alimtazama binti aliyekaa pembeni, akauliza umri wake, akashangaa, akasema: "Na huyu, anakula nini?" Mama anasema alitaka kulia kwa kuulizwa tu. Wakati huo alikuwa amekwisha kuipunguza ngano tena kimyakimya. Daktari akamweleza lile ambalo hakuelezwa kwanza, kwamba mwongozo wa matabibu wa Uingereza wa mwaka 2015 unataka mgonjwa ale gluteni kwa zaidi ya mlo mmoja kila siku, kwa muda usiopungua wiki sita, ndipo apimwe. Yaani mtoto arudishwe katika mkate, kwa makusudi, na mamaye.

Baba alikataa siku mbili. Alisema hawezi kumpa mwanawe sumu kwa mkono wake. Mama akaamua. Walianza mwandamo wa Rajab, ili wiki sita ziishe kabla ya Ramadhani: vipande viwili vya mkate asubuhi, chapati moja usiku. Mama alikuwa akikaa naye mpaka amalize. Kila usiku binti aliuliza, "Mama, leo ni ya ngapi?" na mama akaitia alama tarehe katika kalenda ya duka. Wiki ya pili tumbo lilifura kama zamani. Wiki ya nne hakwenda shule. Katikati ya Shaaban damu ilitolewa ikapelekwa Nairobi, na kingamwili zikakutwa zimepita kiwango mara nyingi. Vikatolewa vipande vya utumbo kwa ule mpira wa kamera, na karatasi iliyorudi ilisema vijidole vimelala.

Binti alikuwa na miaka 12. Ramadhani ile daktari alimzuia kufunga kwa udhaifu wa damu yake, na mgonjwa ana ruhusa yake katika dini. Siku zake alizilipa mwaka uliofuata, akiwa mzima. Leo amempita mama yake kimo.

Mama naye ana kisa chake, alichotueleza jikoni akigeuza muhogo. Kwa miaka kumi alikuwa akipewa vidonge vya kuongeza damu. Kila mara aliambiwa ni chai, na kwa kutii aliacha chai miaka miwili katika nchi ambayo mtu huamkia chai, akaonekana ana kiburi kila nyumba aliyoingia. Damu haikupanda. Aliwahi kuteremshiwa mpira wa kamera katika hospitali moja mbali na huko, akaambiwa umio na tumbo ni safi, na ulikuwa safi kweli. Baada ya binti yake kupatikana, yule daktari kijana alimwambia kwamba katika jamaa wa karibu wa mgonjwa, mzazi, ndugu au mtoto, karibu mtu 1 katika 10 hukutwa nayo, hata asiyeumwa tumbo maisha yake. Akapimwa. Alikuwa nayo. Baina ya binti na mdogo wake aliharibu mimba mbili. Siliaki isiyotibiwa huongeza hatari hiyo, lakini hakuna tabibu awezaye kumwambia kama ndiyo iliyokuwa sababu kwake, na yeye hakutuuliza. Aliugeuza muhogo tu.

Sasa nyumba ile yote ya ndani inakula bila ya ngano, na mkate wa wageni hukaa katika kabati la sebuleni. Chai wanakunywa, chai haina gluteni. Nchi ya Kericho na Bomet, kwa bahati njema, ina chakula tele kwa mgonjwa huyu: ugali, githeri, viazi, ndizi, wimbi, mtama, maziwa ya mursik. Hatari iko mashineni, kwani kinu kinachosaga mahindi ya mtu huyu huenda kilisaga ngano ya aliyemtangulia, na unga wa uji uliochanganywa sokoni mara nyingi hutiwa ngano bila ya kutajwa. Mama hununua wimbi mzima, huuosha, na huusaga katika kinu ambacho mwenyewe amekubali kumfanyia wa kwanza asubuhi baada ya kukipangusa.

Upande wetu wa pwani yapo mengi ya halali na ya salama: wali wa nazi, pilau, biriani, mkate wa kumimina wa mchele, vibibi, muhogo wa nazi, kashata. Bhajia za dengu ni salama kama unga haukuchanganywa, na kama mafuta hayakukaanga mandazi kabla yake. Viazi karai vina ngano katika rojo lake. Na kuna jambo tunalilazimika kulisema kwa adabu: talbina, uji wa shayiri unaopendwa na wengi kwa wagonjwa, kwa mgonjwa huyu una madhara, kwa kuwa shayiri ina gluteni. Kumpa uji wa mchele badala yake hakupunguzi heshima ya mtu yeyote kwa Sunna. Jirani wa Kipsigis, mama mmoja mwenye mapenzi, huendelea kusema, "Mama, ampe kidogo tu, kidogo hakidhuru." Kidogo kinadhuru. Chembe zilizobaki katika kisu cha siagi zatosha kuviamsha vita. Tulilolipenda ni kwamba jirani yule, baada ya kuelezwa mara ya tatu, sasa huchemsha mahindi binti anapopita kwake.

Limebaki suala la shule ya bweni. Asubuhi katika shule nyingi za huko ni chai na robo ya mkate, na mtoto asiyekula hubaki na njaa mpaka githeri ya mchana. Mwalimu mkuu wa shule anayotaka kwenda binti amesema atakubali mtoto aje na unga wake wa wimbi, kwa sharti la barua ya daktari. Barua imekwisha kuandikwa.

Mdogo wake wa kiume, mwenye miaka minane, hana dalili yoyote, naye ni mwepesi na mtundu. Walimpima wiki tuliyokuwa kwao, na safari hii alikuwa bado anakula mkate shuleni. Damu imepelekwa Nairobi, na tulipoondoka majibu yalikuwa hayajarudi.

Bibi wa Mombasa ametenga chuma cha vibibi kisichoguswa na ngano, amekifunga kitambaa chekundu mpini, na ametuandikia vipimo vyake vya mchele, nazi na hamira. Tutavileta wiki ijayo, inshallah.